Kuongeza Siti Nyuma ya Van: Chapaa Iko, Lakini Umeangalia Chini ya Zulia?

Wasee wa Tononoka mnaijua hii form. Msee anaangukia van ya mzigo kutoka Japani, nyuma iko tupu, na kichwa kinaanza kupiga hesabu. Safu mbili za siti zikiingia hapo, hiyo ndai itapeleka watu harusi Malindi Jumamosi, ibebe timu Jumapili, na katikati ya wiki ipige trip za Mtwapa kimya kimya. Kuna siti safi za ex-Japan zimetolewa kwa gari lililogongwa mbele. Fundi anasema kuja kesho asubuhi uchukue gari lako.

Siwezi kumlaumu mtu hapo. Una mkopo, na siti tatu za ziada ni nauli tatu kila trip. Hata mathree zilipitia hii story: kabla ya sheria za Michuki kuanza Februari 2004, nissan zilikuwa zinabeba abiria 18. Zikashushwa hadi 14, kila mtu na mkanda wake. Wenye magari walilia sana, na mpaka leo kuna makanga anakuwekea mbao ya sambaza katikati ya siti ndio arudishe wale wanne.

Shida ya siti ya kuongezwa ni kwamba haikai kama mbao. Inakaa kama siti halali, kwa hivyo hakuna anayeuliza.

Gari la abiria likitoka kiwandani, chini ya zulia kuna chuma kizito na nati zake, na bolti za siti zinashika kwa mifupa ya gari yenyewe. Van ya mzigo mara nyingi haina hiyo kitu huko nyuma. Ni bati tu. Fundi akitoboa bati, aweke bolti na washa ndogo kama shilingi kumi, siti itakaa fiti. Utaitingisha na mkono, itakataa kutingika. Sasa piga hesabu ya ajali. Msee wa kilo 70, gari liko 50 kwa saa, ligonge kitu lisimame ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde: huyo msee anavuta mbele kwa nguvu ya karibu tani moja. Benchi ya watu watatu ni karibu tani tatu, na kama mikanda imefungwa kwa hiyo siti, yote inavuta zile bolti nne. Bati linapasuka kama karatasi ya bhajia.

Mimi niliionja kidogo. Tulikuwa tunaenda harusi Malindi, familia nzima kwa van ya kukodi, nimekaa safu ya mwisho na shangazi yangu. Tukipita Mtwapa tuktuk ikaingia barabarani ghafla, dere akakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Lakini miguu ya nyuma ya siti yetu iliinuka, tukalala wote juu ya watu wa mbele. Shangazi alipasuka mdomo. "Yakhe, siti inatembea!" Watu walicheka mpaka tulipoinua zulia tukaona mashimo yamepanuka, ukubwa wa kidole gumba. Breki tu hiyo.

Halafu kuna makaratasi. Logibuku inasema gari ni la namna gani na linabeba watu wangapi. Ukilibadilisha, NTSA wanafaa kujua na gari likaguliwe. Ukinyamaza, karao ni shida ndogo. Shida kubwa ni siku ya ajali, bima ikihesabu siti ikute zimezidi. Hapo ushawapa sababu ya kukataa kulipa, na yule aliyevunjika mguu safu ya mwisho anabaki akikudai wewe. Mwaka 2025, serikali ilipoleta mapendekezo ya kukagua hata magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne, mtandaoni tuliwaka kwamba ni njia ya kutukamua. Labda ni kweli. Lakini yale mashimo mkaguzi angeyaona.

Kama lazima uweke, tafuta siti za gari ambalo ni ndugu kabisa wa lako, zije na reli na mikanda yake. Fundi aweke bamba la chuma chini ya sakafu, ashike chesisi, na kabla ya kutoboa aangalie paipu za breki na tangi la mafuta ziko wapi. Mlango wa nyuma ufunguke ukiwa ndani. Na kabla hujatoa doo, mwambie ainue gari na jeki, weka tochi ya simu chini, muonyeshane bolti moja moja.

Yule dere wa Malindi alizitoa siti zake wiki hiyo hiyo. Akaziuza.