Insha ya Kuhifadhi si Insha

Neno insha tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuumba, kuanzisha kisichokuwapo. Basi mwanafunzi aingiaye katika chumba cha mtihani na aya tano alizozihifadhi, akazimwaga karatasini kabla hajalisoma swali hadi mwisho, hakutunga insha. Amenakili. Na waliomfundisha kunakili ni sisi walimu wa Kiswahili wa Kampala, tusiwasingizie watahini.

Vitazameni vitabu vya insha tunavyovitegemea. Baadhi vilitungwa kwa ajili ya mtihani wa Kenya wa KCPE, ambamo mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha ya alama 40. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mapambo yake bado tunayasomesha: jua lachomoza kwa madaha, minazi yayumba, methali katika kila aya. Mtoto wa Bwaise, aliyekesha akiteka maji ya mvua ndani ya nyumba yao, akiulizwa habari za mafuriko ataanza na minazi! Maji yale anayajua kuliko mtahini wake. Ila hakuna aliyemwambia kwamba Kiswahili kinaweza kuyasimulia.

Wako wenzetu watakaosema: mwanafunzi wetu hana Kiswahili nyumbani, na saa haimngoji, mwacheni ashike fimbo ya kutembelea. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini fimbo yenyewe humwangusha. Aya ya kuhifadhi haina kosa hata moja. Sentensi ifuatayo, ambayo hana budi kuitunga mwenyewe, ina "kitabu yangu". Kiungo kinavunjika hapo hapo, na mtahini hahitaji miwani kuliona hilo. Ajabu ni kwamba mtoto huyo akisema Kiganda, hachanganyi ekitabo na ebitabo hata siku moja. Upatanisho anao tangu utotoni. Hakupata nafasi ya kuuhamishia katika Kiswahili, maana saa za mazoezi zote zimekwisha katika kukariri.

Tena mambo yamebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na UCE ya kwanza chini yake ikafanywa mwaka 2024. Mtaala huu humpa mwanafunzi tukio la maisha, humtaka alishughulikie. Minazi ataipachika wapi? Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wanatujia kwa wingi, na wengi wao watakutana na lugha hii kwetu kwanza. Je, tuwafanye kasuku?

Nasema tuanze na saa ya ukutani. Kila juma swali jipya, wasilolitarajia. Dakika tano za kwanza kalamu zikae mezani, mwanafunzi afikiri ana nini cha kusema. Kisha aandike machache yaliyo yake. Dakika tano za mwisho asome upya, akitafuta makosa ya ngeli peke yake, wala si kuongeza methali. Miezi ya kwanza insha zitakuwa fupi, na wazazi watalalamika. Walalamike. Madaftari ya insha za mfano yafungiwe kabatini mpaka mtihani upite, na asiyekubaliana nami na ajibu katika kurasa hizi.