Jina lako, deni la mwingine

Mwaka 2016 mama mmoja mfanyabiashara wa mawese hapa Gitaza, tarafani Muhuta, alinyimwa mkopo. Alikwisha kupatana na wenye boti wa Rumonge, mzigo wa kwenda Kigoma ulikuwa ukimsubiri. Afisa wa taasisi moja ndogo ya fedha, ambayo sitaitaja, alimjibu kwa kifupi kwamba jina lake lina deni la mwaka 2010 ambalo halijalipwa.

Jioni alikuja kwangu na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mwalimu ndiye anayesoma Kifaransa. Mwaka 2010 mama huyu alikuwa kambini Mtabila, mkoani Kigoma. Kambi ilifungwa Desemba 2012, naye alirejea mwezi mmoja kabla. Angekopaje Burundi?

Hapa nchini kumbukumbu za wakopaji hutunzwa na Benki Kuu, BRB, katika daftari liitwalo Centrale des Risques. Wakopeshaji hupeleka huko taarifa za wateja wao, na huuliza huko kabla ya kutoa fedha. Benki Kuu haiji Gitaza kukagua nani ni nani, huandika ilicholetewa. Ndiyo maana kosa la namna hii mara nyingi huzaliwa mezani kwa mkopeshaji, na kupiga kelele Bujumbura kabla ya kumwona yeye ni kupoteza nauli.

Sisi tuliorejea tuna udhaifu wetu wa pekee. Kwetu jina si la ukoo: ndugu wa tumbo moja huitwa tofauti, na watu wasiojuana kabisa wote ni Niyonkuru. Ukambini karani aliandika alivyosikia, Niyonkuru akawa Niyonkulu. Mimi nilisomea Katumba, na cheti changu cha shule kinasema nilizaliwa 1 Januari, sawa na nusu ya darasa letu. (Mama yangu husema ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi.) Ukitafuta mtu kwa jina na tarehe kama hizo, utampata yeyote umtakaye.

Majirani waliliona tatizo hili mapema. Uganda ilipoanzisha ofisi ya kumbukumbu za mikopo mwaka 2008, wananchi hawakuwa na kitambulisho cha taifa, hivyo wakopaji walipewa kadi yenye alama za vidole. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2013, ilimpa mkopaji haki ya kupata nakala ya taarifa zake bure mara moja kwa mwaka, na haki ya kuzipinga. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2012. Kwa hiyo ninyi mnaovuka ziwa mjue: deni la Kigoma lililoandikwa vibaya husahihishwa Kigoma, na stakabadhi ya malipo ya kule msiitupe.

Kwa maoni yangu, jina peke yake lisiruhusiwe kumnyima mtu mkopo. Namba ya karangamuntu ilinganishwe kwanza.

Tuliandika barua moja, nakala mbili. Tuliomba tuonyeshwe tarehe ya mkopo, kiasi, tawi lililoutoa na namba ya kitambulisho cha mkopaji. Tuliambatanisha karangamuntu na cheti cha kurejea cha Novemba 2012. Nakala ya pili ilipigwa muhuri wa kupokelewa, jambo ambalo afisa hakulipenda, lakini bila muhuri barua huwa haikuandikwa. Majibu yalipokuja, namba ya kitambulisho ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mkopeshaji wa zamani ndiye aliyepaswa kupeleka masahihisho Benki Kuu, akayapeleka.

Ilichukua miezi mitatu. Mkopo ulitoka, lakini boti ilikuwa imekwisha kuondoka na mawese ya mwingine.