Ugumu wa Haki na Ugumu wa Kuuzwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mzee mmoja katika jirani zangu alinijia baada ya sala ya isha, uso ameukunja, akaniambia: "Maalim, hebu andika neno juu ya hii michezo ya video. Mwanangu halali. Kila usiku anauawa na jitu lile lile, na kila usiku anarudi kuuawa tena. Huu si wazimu?" Nikamuuliza: "Umepata kukaa naye ukatazama anachokifanya?" Akasema: "Hasha! Nitakaa nitazame upuuzi?" Nikamwambia: "Basi nipe muhula nikatazame mimi, kwani kukihukumu kitu kabla ya kukijua ni kuhukumu kwa dhana."

Nikaenda kwa mjukuu wangu, nikaketi naye siku kadha wa kadha, nikauliza mpaka akachoka. Ninayoyaandika hapa ndiyo matunda ya kikao hicho. Hayatampendeza yule mzee, wala hayatawapendeza vijana wote. Wazee wasema: michezo hii yote ni upuuzi mmoja. Vijana wasema: mchezo ni mchezo, hapana tofauti baina ya huu na ule. Makundi yote mawili yamekosea. Iko michezo ambayo ugumu wake humfunza mchezaji, na iko michezo ambayo ugumu wake humfungulia mtu duka la kumuuzia nafuu. Wa kwanza ni mwalimu mkali. Wa pili ni mwizi aliyevaa kanzu ya mwalimu.

Ugumu wenyewe ni nini?

Nazungumzia michezo ile ambayo mtu huongoza shujaa mmoja, akapigana na majitu, akakusanya silaha na deraya, na kila akipigana akazidi nguvu. Mmoja ulio mashuhuri ni Diablo II, uliotolewa Marekani mwaka 2000. (Jina hilo kwa Kihispania maana yake ni shetani, na daraja yake ya mwisho wameiita Jahannamu. Majina hayo siyapendi, kwani Jahannamu si jambo la kuchezewa. Lakini leo sikuja kuzungumzia majina.) Mchezo huo una daraja tatu: ya kawaida, ya jinamizi, na hiyo ya tatu. Aliyemaliza ya kwanza hujiona fundi. Akiingia ya pili huanza kutahayari, na akiingia ya tatu huona kilichomtoa kanga manyoya.

Kwa nini? Si kwa kuwa maadui wamezidi nguvu tu. Shujaa wa mchezo huo ana kinga nne: ya moto, ya baridi, ya umeme na ya sumu. Kinga hizo huhesabiwa kwa mia, na mpaka wake wa kawaida ni 75. Yaani moto wa 100 humfikia 25 tu. Ilipotoka nyongeza ya mchezo mwaka 2001, daraja ya pili ikawa humpunguzia shujaa 40 katika kila kinga, na daraja ya tatu humpunguzia 100. Basi mwenye kutaka abaki na 75 katika daraja ya tatu yampasa awe amekusanya 175. Asiyeijua hesabu hii hushughulika na upanga, akaisahau kinga, akafa mlangoni. Tena huko wako maadui ambao namna moja ya silaha haiwadhuru kabisa. Aliyejifunza moto peke yake atakutana na asiyeungua. Naye yampasa awe na njia ya pili, au mwenzi, au ajue kumpisha adui huyo akaenda zake.

Na akifa hupoteza sehemu ya ujuzi aliouchuma, na vitu alivyovivaa hubaki pale pale juu ya maiti yake, ikambidi arudi mtupu kuvifuata. Na iko namna ya khiari, ambayo shujaa akifa mara moja ndiyo basi, hafufuki tena, hata awe na umri wa miezi sita.

Mfano wa pili ni Dark Souls, wa kampuni ya FromSoftware ya Japani, ulioongozwa na Hidetaka Miyazaki na kutolewa mwaka 2011. Huo hauna daraja za kuchagua. Mgumu ni huo huo kwa kila mtu. Humo shujaa ana pumzi, na pumzi hiyo ina kiasi. Kila pigo hula pumzi, kila kuruka kando hula pumzi, na kila pigo linalopokewa kwa ngao hula pumzi. Tena aliyeinua ngao wakati wote pumzi yake hurudi polepole. Kwa hivyo mwoga anayejificha nyuma ya ngao huchoka akafa, na jeuri apigaye ovyo huchoka akafa vile vile. Hupona yule anayelitazama jitu, akajua ishara anayoitoa kabla ya kupiga, akapisha, akapiga moja au mbili, kisha akarudi nyuma angali na pumzi ya akiba.

Nilimuuliza mjukuu wangu: "Mbona jitu hili limekuua mara nyingi hivi?" Akanijibu: "Babu, nilikuwa nikipata nafasi ya kupiga mara mbili, nami nataka ya tatu. Siku nilipoiacha ile ya tatu ndiyo siku niliyolishinda." Nikacheka, kwani wazee wetu wameyasema hayo zamani: tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nimefundisha madrasa zaidi ya miaka thelathini, na neno hili nimelisema mara zisizo na idadi. Mtoto huyu hakulisikia kwangu. Alilisikia kwa jitu.

Tena akifa humo, mali yote aliyokuwa hajaitumia huanguka pale alipofia. Ana safari moja tu ya kuifuata. Akifa njiani kabla ya kuifikia, imepotea milele. Basi mwenye akili huitumia mali yake kabla ya kuingia lango asilolijua, wala habebi akiba yote kwenye khatari.

Kwa jumla, wanaopona katika daraja ngumu ni wenye mambo manne: wanajua hesabu, wanatanguliza kinga kabla ya shambulio, wanabakisha pumzi, na hawaoni haya kurudi nyuma.

Alama za ugumu wa haki

Ugumu wa haki una alama mbili. Ya kwanza: ukishindwa, sababu waweza kuiona. Ulisogea mapema, au kinga ilipungua, au ulitamani pigo la tatu. Ya pili: dawa yake imo ndani ya mchezo wenyewe, nayo ni sawa kwa wote. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi huuawa kwa pigo lile lile, na huokoka kwa subira ile ile. Hapo mchezo una insafu.

Sasa njooni tutazame ule wa pili.

Tarehe 15 Mei 2012 ulitolewa Diablo III. Ulikuwa na daraja nne, na ya nne, Inferno, ilikuwa ngumu ajabu. Watengenezaji wenyewe walieleza kuwa waliikaza mpaka ikawashinda wajaribu wao, kisha wakauzidisha ugumu huo mara mbili. Mpaka hapo hatuna neno. Mwalimu ana ruhusa ya kuwa mkali. Lakini mwezi uliofuata ukafunguliwa mnada ndani ya mchezo, ambamo wachezaji huuziana silaha na deraya kwa fedha za kweli, kitu kimoja kikifika mpaka dola 250, na kampuni ikikata fungu lake katika kila mauzo.

Twauliza: mwenye kuweka mlima njiani, kisha akawa apata fungu katika nauli ya kila anayebebwa kuupanda, ana haja gani ya kuupunguza mlima? Sisemi kuwa walikusudia dhulma. Nia za watu azijua Mwenyezi Mungu. Nasema kuwa mlango ulifunguliwa, na kilichoingia ni kile kile kiingiacho kila penye mlango kama huo. Mchezaji aliyekwama hakujiuliza tena, "Nimekosea wapi?" Alijiuliza, "Nina dola ngapi?"

Na haki isemwe hata kwa tunaowalaumu. Kampuni hiyo ilikiri hadharani kuwa mnada ule uliharibu kiini cha mchezo, na tarehe 18 Machi 2014 ukafungwa. Waliojenga duka ndio waliolivunja. Vijana wanaotetea kununua ushindi, watwambie: mwawatetea hata kuliko wanavyojitetea wenyewe?

Lakini ibilisi hafi kwa kufungiwa mlango mmoja. Mwaka 2022 ukaja Diablo Immortal, wa kuchezwa kwenye simu, na kuuanza ni bure. Humo zimo daraja za ugumu ambazo kila moja yataka shujaa awe na kiasi fulani cha nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hutoka katika vito. Vito vilivyo bora hupatikana kwa bahati: mtu hulipa, huingia, kisha hungoja aone ametokewa na nini. Hapo si biashara tena, kwani mnunuzi wa sokoni hujua anachokinunua. Mwenye kulipa asijue kama atapata kito au kokoto, huyo anacheza kamari, hata kikifanyika katika nuru za rangi na muziki mtamu. Na wala si masheikh peke yao wasemao hivyo. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilitoa uamuzi mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari isiyo halali, na mchezo huo haukutolewa Ubelgiji wala Uholanzi. Wazungu wameiita kamari, sisi twaiita mchezo wa watoto!

Mama mmoja anayehudhuria darasa yangu alimwachia mwanawe wa miaka kumi na mbili simu yake, na ndani ya simu mna pesa za kodi ya nyumba. Mchezo aliokuwa akiucheza kijana siutaji, lakini ulikuwa wa namna hii. Alikwama mahali, akaambiwa fungua sanduku. Akafungua moja, akafungua la pili. Bandu bandu huisha gogo. Mama alipokwenda kulipa kodi, alikuta hamna. Kijana alilia, akasema: "Nilidhani la mwisho ndilo lenyewe." Neno hilo ndilo asemalo kila mcheza kamari tangu dunia ilipoumbwa.

Majibu ya wanaobisha

Huenda mtu akasema: "Mali ni yangu, nanunua nitakacho." Tutamjibu: nunua, lakini usiseme umeshinda. Aliyepanda mnazi na aliyenunua dafu wote wamekunywa, ila mmoja tu ndiye ajuaye kupanda.

Mwengine atasema: "Mimi ni mtu mzima, nina kazi na watoto, sina wakati wa kufa mara mia." Huyu ana udhuru, na dawa yake ni nyepesi: acheze daraja ya kawaida. Hakuna aibu yoyote katika daraja ya chini. Aibu ni kulipia ya juu ili uonekane umeifikia.

Wa tatu ni mzee yule jirani yangu, atasema: "Hata huo unaouita wa haki hula usiku." Hili ni kweli, wala sibishi. Kijana aliyejifunza kubakisha pumzi kwa shujaa wake, kisha asijibakishie yeye mwenyewe pumzi ya kuamkia alfajiri, hakujifunza kitu. Huyo yu katika pigo la tatu.

Basi enyi wazazi, msikemee msichokijua. Kaeni na watoto wenu saa moja, muulize. Tazameni khasa mambo mawili: je, mchezo huu humwambia kwa nini ameshindwa, au humwonyesha duka? Na je, kinachouzwa chajulikana kabla ya kulipiwa? Na nambari ya siri ya pesa za simu isiwe mkononi mwa mtoto, hata awe mwema namna gani.

Nanyi vijana, ugumu mnaoutafuta ni jambo la kiume na la kike pia, wala siwacheki. Lakini mkiuona ugumu unaoondoka kwa kulipiwa, jueni huo si mlima, ni kizuizi cha watoza pesa. Geukeni.

Nilimrudia yule mzee nikamwambia: "Mwanao si mwendawazimu. Siku atakapolishinda lile jitu, muulize swali moja tu: 'Umelishindaje?' Akikwambia, 'Baba, niliacha tamaa,' mpe mkono, kisha mwambie akalale. Akikwambia, 'Nilinunua,' nyang'anya simu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hilo jitu lenyewe likoje?"

Nikamwambia: "Nenda ukatazame."

Wallahu a'lam.