Marufuku ya Kihispania Haifundishi Kiingereza

Wako wengi nchini Marekani wanaoamini kwamba mwalimu wa Kiingereza akitamka neno la Kihispania darasani, amewaharibia wanafunzi wake. Imani hii, kwamba lugha ya mwanafunzi haifai darasani, si ya Marekani peke yake. Ilipata baraka za wataalamu hapa kwetu Afrika Mashariki, katika Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1961, katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza. Mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua mwaka 1992 na kuiita upotofu. Bado ina waumini.

Nenda ukakae nyuma ya darasa la jioni la wanaoanza, mjini Los Angeles. Ni wapishi, wasafisha ofisi na vibarua wa ujenzi waliotoka Mexico, Guatemala na El Salvador, wengine tayari wana wajukuu. Mwalimu anauliza umri. Bwana mmoja anajibu kwa Kiingereza kwamba “ana” miaka 40. Mwalimu anatikisa kichwa, anatamka sentensi sahihi, darasa zima linaitikia. Zamu ikirudi, kosa ni lilelile. Kihispania humpa mtu miaka kama kinavyompa njaa: anayo. Kiingereza husema mtu “ni” miaka 40. (Mswahili hapo hahitaji kufafanuliwa zaidi.) Sentensi mbili za Kihispania zingemaliza kazi, lakini mwalimu anahangaika kuigiza kwa mikono, na mama mwenye swali ananyamaza, maana swali lake limo katika lugha iliyokatazwa.

Eti Kihispania kinaleta uvivu! Mvivu gani huyo anayekwenda kusoma usiku baada ya kusugua sakafu kutwa nzima?

Nakubali jambo moja: lugha haiingii bila kuisikia na kuisema kwa wingi, na mwalimu anayehutubia kwa Kihispania kipindi kizima anawapunja wanafunzi. Tena wapo Waguatemala ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kimam, na Kihispania chenyewe walijifunza baadaye. Basi mwalimu apime. Kupima si kukataza.

Wapiga kura wa California waliibana elimu ya lugha mbili mashuleni mwaka 1998. Mwaka 2016 wakafuta sehemu kubwa ya sheria hiyo. Wasimamizi wa madarasa ya watu wazima nao waache kukataza, kisha wawaulize wanafunzi, kwa lugha wanayoielewa, wanataka Kiingereza cha kazi gani.