Semina Pekee Hazitoshi, Mkulima Apime Mwenyewe

Vijana wenzangu wa kilimo biashara,

Kuna ubishi unaoendelea kati yetu sisi watu wa ugani, na naona vizuri na nyie muuingie maana unagusa mifuko yenu. Swali ni hili: mkulima asogezwe vipi karibu na sayansi? Kundi moja linasema aelimishwe. Semina ziongezwe, vipeperushi vichapwe, vipindi vya redio virushwe, mabanda ya Nane Nane yapambwe. Kundi la pili, na mimi nimo, linasema hayo yote ni mazuri lakini hayafiki mbali kama mkulima hapati nafasi ya kupima mwenyewe na kuuliza swali lake.

Sababu yangu ya kwanza iko mkoani kwetu Tanga. Kule Amani, Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Baadaye, wakati wa Waingereza, mtafiti H. H. Storey akiwa hapo ndiye aliyeeleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo. Mnaujua. Shina limesimama safi, unachimba, unakata, ndani kuna madoa makavu ya kahawia, na mteja anakataa mzigo. Watafiti wa Amani wakaanza kuchanganya muhogo na ndugu zake wa porini, ukiwemo mti mmoja wa mpira, wakitafuta mbegu inayostahimili. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950.

Utafiti ukasimama, lakini mbegu hazikufa. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaitwa Namikonga, na pwani ya Kenya kuna Kaleso. Wataalamu wa leo wanaona ni mbegu moja, na asili yake wanaihusisha na uzao wa Amani. Wakulima waligawana vipando, wakaipa majina yao, wakaendelea kuipanda. Miaka mingi baadaye watafiti wakaifuata tena ili iwe mzazi wa mbegu mpya za kupambana na ugonjwa uleule. Kwa maoni yangu, kilichoitunza mbegu hiyo ni mkulima aliyeshika jembe, akachimba, akaona muhogo wake hauna madoa. Akishaona hivyo, huhitaji kumshawishi.

Sasa linganisha na Makutupora, Dodoma. Mwaka 2016 lilianza jaribio la mahindi ya GMO yanayolenga kustahimili ukame. Lilikuwa ndani ya uzio, kama taratibu za usalama zinavyotaka. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru lisimamishwe na mabaki yateketezwe, ikieleza kuwa matokeo yalianza kutangazwa bila idhini. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha majaribio ya GMO nchini.

Sisemi GMO ziruhusiwe au zikatazwe. Ninachouliza ni hiki: katika miaka yote hiyo, mkulima wa Kerenge alikuwa wapi? Alikuwa anapokea sauti za WhatsApp. Huyu anasema ni sumu, yule anasema ni mkombozi, na wote wawili hawajawahi kuuona huo mmea. Uzio unaweza kubaki, lakini mkulima aambiwe mapema kinachopimwa ni nini, nani analipa, na majibu yatatoka lini. Pasipo na taarifa, uvumi hujaza nafasi.

Wenzangu wa kundi la kwanza wana hoja ya haki. Wanasema afisa mmoja ana vijiji vingi, shamba darasa linakula msimu mzima, na mkulima akijipimia ovyo atajidanganya. Kweli kabisa. Mwaka wa mvua nzuri kila dawa inaonekana inafanya kazi. Ndiyo maana kupima kuna utaratibu, na si mgumu.

Unataka kujua kama mbegu ya bei kubwa inakulipa? Pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10, udongo mmoja, siku moja ya kupanda, mbolea ileile, palizi ileile. Tofauti iwe mbegu tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kilichokupa mavuno ni kipi. Vuna, kausha, pima kwa mizani. Kilo ulizopata zidisha kwa 40, unapata makadirio ya ekari moja. Halafu toa gharama. Mkiwa vijana kumi, kila mmoja na vipande vyake, majibu yenu yana uzito kuliko shamba moja la maonyesho lililopaliliwa vizuri kwa ajili ya mgeni rasmi. Na aliyepata hasara naye aseme, maana jibu lake ni sehemu ya hesabu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwanza, sehemu ya fedha za semina na posho iende kununua mizani, kamba na mbegu za majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Pili, mtafiti yeyote anayechukua udongo, majani au saa moja ya mkulima kwa maswali, arudi na majibu kwa Kiswahili. Akija kwako muulize kabla hajaondoka: majibu nitayapata lini? Hiyo ni haki yako, usione aibu. Tatu, nyie vijana msisubiri kuitwa.

Anayetaka kujaribu msimu ujao aje ofisini na daftari na wenzake wawili watatu. Kamba ya kupimia ninayo.

Tuko pamoja.