Mazoezi Si ya Wanamichezo

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa zamu alitusubiri getini na fimbo kwapani. Aliyechelewa aliruka kichurachura mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Aliyerudia kosa alipiga pushapu hadi mikono ilegee. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa na nyimbo tamu, lakini sisi wazito tulikimbia mkiani, na nyuma ya mkia alikuwapo kiranja. Siku ya mashindano walichaguliwa wenye mbio. Wengine tuliambiwa tukae pembeni tushangilie.

Ndivyo tulivyofundishwa: mazoezi ni adhabu ya mkosaji au sifa ya mwenye kipaji. Njia ya tatu hatukuonyeshwa. Nikamaliza shule nikiapa sitaruka tena, na kiapo hicho nilikitunza kuliko viapo vyangu vyote.

Aliyekivunja ni baba. Ni karani mstaafu, mtu wa kiti na meza maisha yake yote. Mwaka juzi nilipokwenda kumsalimia, aliniita kutoka chooni kwa sauti ya chini, mama asisikie: "Mwanangu, njoo unishike mkono." Choo chao ni cha kuchuchumaa. Alikuwa amechuchumaa, akashindwa kuinuka. Hakuwa amepata kiharusi wala kuvunjika mfupa. Miguu ilikuwa imepungukiwa nguvu tu, mwaka hadi mwaka, bila kelele. Nilimwinua. Hatukulizungumza tena.

Usiku ule nilijaribu kusimama kutoka kitini bila kushika popote. Nilishika. Nilikuwa na miaka 41.

Tangu hapo, kila asubuhi nikishabandika chai jikoni, nakaa na kusimama mara kumi kwenye kiti cha plastiki. Nausukuma ukuta mara kumi. Nasimama kwa mguu mmoja nikihesabu hadi ishirini, kisha mguu wa pili. Nimevaa msuli na fulana niliyolalia. Chai ikichemka, nimemaliza.

"Hayo nayo mazoezi?" ananicheka rafiki yangu wa joging, yule wa tisheti za sare na spika juu ya pikapu kila Jumamosi, kisha supu na chapati. Sina ugomvi na mbio zake, hata supu yake naionea wivu. Ugomvi wangu ni na hilo swali. Kila anayeliuliza anachukua fimbo ya mwalimu wa zamu na kusimama getini, na wazito wengi wakimwona wanarudi nyumbani kukaa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na aimarishe misuli angalau siku mbili. Lakini sharti la zamani, kwamba dakika hazihesabiwi mpaka zifike kumi mfululizo, liliondolewa. Dakika zangu za chai hazitoshi, nalijua hilo, ndiyo maana siku hizi nashuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu. Ila zinahesabiwa. Haba na haba tunaihubiri kwenye akiba. Kwenye mwili tunataka gunia zima kwa siku moja.

Wengine wataniambia kazi za kila siku zinatosha. Kwa anayelima na kuchota maji, sawa. Mimi nalima wapi? Nakaa ofisini masaa manane, nakaa kwenye daladala nikibahatika kupata siti, nakaa mbele ya runinga.

Halafu wapo wauza ahadi za siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66. Kuna waliohitaji 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakukuiharibu tabia. Laiti mwalimu wangu angelijua hilo! Shuleni siku moja ya kuchelewa ilikuwa kosa. Kwa mwili, jana umelala, leo simama, basi.

Kwa hiyo wewe uliyeshangilia pembeni miaka yote, usingoje raba mpya wala Januari. Kiti unacho. Usimwombe ruhusa mwenye mbio.

Baba naye ameanza, akishika dirisha. Kila asubuhi nampigia simu.

"Shikamoo baba. Leo mara ngapi?"

"Marahaba. Nne."

Jana zilikuwa tano. Simwambii kitu. Namuuliza kama ameshakunywa chai.