Zamu ya Krismasi na Chungu cha Muthokoi

Kila ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, vituo vya mabasi vya Mombasa hujaa watu, magunia na masanduku. Nauli hupanda, na wasafiri hulipa huku wakinung'unika. Wengi wao ni ndugu zetu Wakamba wanaokwenda kwao Kitui na Makueni kula Krismasi. Sisi Waislamu wa Pwani huwaaga, tukasema, "Haya, msalimieni mama," kisha tukarudi kazini. Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya huko kurudi kazini.

Kwanza tujiulize, wanakwenda kula nini? Ni kweli kwamba siku hizi chapati na pilau zimeshika mbele katika Krismasi ya Ukambani, na mwenye uwezo huchinja mbuzi. Lakini chakula cha mama ni muthokoi. Mahindi makavu hutiwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni mpaka maganda yatoke, yakapetwa kwenye ungo, kisha yakachemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Ni jamaa ya pure yetu, ila mahindi yake yamekobolewa.

Kazi hiyo yataka mikono mingi, mabinti na wakaza wana wakipokezana mchi huku mazungumzo yakiendelea. Nyumba isiyo na watu hununua muthokoi uliokobolewa kwa mashine, au huacha kabisa. Kwa hiyo asiyepata ruhusa ya kwenda nyumbani hakosi mlo tu. Huacha mchi bila wa kuushika, na mapishi huweza kwenda kaburini pamoja na mama aliyeyajua.

Wala chungu hicho si cha watu wa mbali nasi. Sehemu kubwa ya mbaazi za Kenya hulimwa Makueni, Kitui na Machakos, nasi mbaazi za nazi ndizo tuliazo mahamri asubuhi. Misafara ya Wakamba ilishuka Pwani na pembe za ndovu katika karne ya 19. Na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilipopita Makueni, iliacha huko mji wa Sultan Hamud, wenye jina la Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed.

Sasa tuje kwenye zamu. Desemba ndio msimu wa wageni katika mahoteli ya Pwani, na bandari na hospitali hazifungwi kwa sababu ya sikukuu. Basi mpishi aliyezaliwa Kibwezi huwapikia wageni karamu ya Krismasi, na chungu cha kwao kinaendelea bila yeye. Kanuni za mishahara zataka afanyaye kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe maradufu, na wako wanaobaki kwa ajili ya fedha hizo. Lakini fedha maradufu haitwangi mahindi.

Rai yangu ni hii: Mwislamu aliye katika orodha moja ya zamu na Mkristo ajitolee mwenyewe kushika Krismasi, bila kungoja kulazimishwa na msimamizi. Na yule mwenziwe ashike zamu ya Idd. Mapatano hayo yaandikwe katika orodha, yasiachiwe ahadi za mdomoni.

Twahitaji sana mapatano hayo kuliko wao. Krismasi hujulikana mwaka mzima kabla, bali Idd-ul-Fitr hungoja mwezi, na mara nyingi habari hutufikia usiku, wakati orodha ya kesho imekwisha kubandikwa ukutani. Idd-ul-Azha nayo, katika Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, imewekwa kwa Waislamu tu, isipokuwa Serikali itangaze vingine. Siku hiyo ni nani atakayeshika kazi yako ili uende kuswali na kuchinja? Ni yule uliyempa nafasi ya kula muthokoi wa mama yake.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuisherehekea dini ya watu. Sioni hivyo. Aliyekaa kazini hakuimba wala hakukaa mezani. Amefanya kazi yake ya kila siku na kumtendea wema mwenziwe. Suala la kula nyama ya huko tuwaachie masheikh, maana mimi nazungumzia zamu, sizungumzii sahani.

Na tusikawie. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2000 Idd-ul-Fitr iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, na kwa hesabu ya mwezi zitakaribiana tena Desemba 2033. Hapo kila mtu atataka kwenda kwao katika juma moja, na hakuna atakayekuwa na siku ya kumpa mwenziwe ila wale waliokwisha kuzoeana kupeana. Mazoea hayo yaanze Desemba hii. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Chakula cha sikukuu huchacha siku ya pili, lakini wahenga walisema wema hauozi.